Kamba ya Mama Chapa

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako. Mkuu wa Shule, niliyekufundisha kidato cha pili na ambaye leo umenionya nisizidishe dakika kumi. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi. Na wewe mke wangu, unayenitazama kwa wasiwasi kwa sababu katika ukumbi huu wote ni wewe na mtu mmoja mwingine tu mnaojua ninachotaka kusema: nawasalimu nyote kwa heshima, na ninawaomba radhi mapema.

Nimeketi pale mbele tangu asubuhi nikisikiliza sifa. Wamezungumza watu watatu, na wote watatu wamesema kwamba miaka thelathini na moja niliyofundisha Kiingereza hapa imeacha alama, na kwamba alama kubwa kuliko zote ni kamba. Hata jina langu la utani ni hilo, Mwalimu Kamba, na najua mnaniita hivyo nikiwa nimewapa kisogo na hata nikiwa mbele yenu. Kila mliponisifu nilijikunyata kwenye kiti. Mlidhani ni unyenyekevu, lakini ilikuwa aibu, kwa maana mmenivisha kilemba cha ukoka na mimi nimekivaa miaka ishirini na miwili bila kukivua.

Kwa wageni ambao hawakusoma hapa, niseme kidogo. Kiingereza kina namna ya kusema jambo lililokwisha kutendeka, na namna hiyo haitembei peke yake, huja kwa kundi. Mbele kuna have, nyuma kuna kitenzi chenyewe, na katikati kuna nafasi finyu ambayo vielezi kama already na never hupenda kukaa. Vivumishi navyo, kama tired, huwa haviingii mpaka been iwe imetangulia. Mimi nilikuwa nikifundisha somo hilo kwa kanuni kumi na moja, nikizijaza ubaoni kutoka pembe hadi pembe, na mwanafunzi akikosea namgombeza kisha naziandika upya. Je, walielewa? Waliinakili kila kanuni kwa mwandiko mzuri, wakafeli.

Kisha ikaja kamba. Kamba imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati, maneno yameandikwa kwenye vipande vya manila, yametundikwa kwa vibanio vya nguo, na mwanafunzi anasogeza neno kwa mkono wake hadi likae mahali pake. Ni kitu chepesi mno. Shule nyingi zimekiiga, mimi nimeitwa kwenye semina nisizoweza kuzihesabu, na leo, Mheshimiwa, umekuja kuvuta pazia dogo lililofunika jina langu juu ya mlango wa Chumba cha Lugha.

Kamba hiyo sikuibuni mimi. Aliibuni mpiga chapa wa shule hii, ambaye sote tulimwita Mama Chapa.

Siku aliyoibuni, jino lilikuwa likiniuma, nikaenda kung'olewa. Mkuu wa wakati huo alimwomba Mama Chapa akae na kidato cha pili wasije wakapiga kelele, hakumtuma akafundishe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akichapa mitihani yangu yote na insha zote za jarida la shule, kwa hiyo makosa ya watoto wale aliyajua kuliko mimi niliyeyapigia mistari myekundu. Alichukua uzi wa kufungia mafaili, na vile vibanio alivyoanikia stensili zenye wino za kudurufia mitihani, akaingia darasani.

Nilirudi mapema, shavu limevimba, nikasimama nje ya mlango. Nilimsikia akisema, "Have ni mwenye nyumba, yuko mlangoni. Kitenzi kiko ndani. Hapa katikati pana kiti kimoja cha mgeni. Already akija, mkalisheni hapa, msimwache uani." Darasa likacheka. Kuhusu tired aliwaambia kwamba huyo amechoka, hawezi kufika mpaka been amshike mkono. Msichana mmoja ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kusikia sauti yake kwa Kiingereza alinyanyuka, akatundika neno, akasoma sentensi, akaona haijakaa sawa, akalihamisha mwenyewe.

Ungekuwa wewe, mwalimu mwenzangu, ungefanya nini? Ungeingia ukapiga makofi, naamini. Mimi niliona wivu. Mwenye cheti ni mimi, mwenye miaka tisa kazini ni mimi, na mtu wa ofisini amefanya kwa dakika arobaini nililoshindwa miaka yote hiyo. Nikaenda kukaa chumba cha walimu na shavu langu.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi. Aliikuta kamba bado imefungwa, akawaona watoto wanavyoitumia, akauliza ni nani amebuni. Mama Chapa alikuwa amesimama pale mlangoni, ameleta orodha ya mahudhurio. Alinitazama, nami nikamtazama. Nikasema, "Tunajaribujaribu tu, Mheshimiwa." Nilisema tunajaribu, kwa wingi, nikajiambia kwamba basi sijasema uongo. Mkaguzi akanipa mkono mimi peke yangu.

Baada ya hapo nikaandika kijitabu mnachokijua, kurasa sitini na nne. Mnadhani nani alikichapa? Nilimpelekea yeye. Ukurasa wa shukrani nilimshukuru mke wangu, nikamshukuru Mkuu wa Shule, na mwishoni nikamshukuru mpiga chapa kwa kuchapa kwa usafi. Mstari huo aliuchapa yeye mwenyewe bila kosa hata moja, akaniletea nihakiki. Nami nikahakiki.

Ndugu wazazi, laiti ingekuwa imeishia hapo ningeweza labda kulala na aibu yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita Mama Chapa aliomba nafasi katika chuo cha ualimu. Hakuwa na vyeti vya kutosha, ila chuo kilikuwa tayari kumpokea iwapo mwalimu mmoja wa somo angeandika kwamba amemwona akifundisha na anaweza. Mwalimu mmoja tu, na aliyemwona ni mimi. Ningeandika ukweli, watu wangeuliza alifundisha nini, na lini, na kwa kamba ya nani. Basi nikaandika kwamba ni mtu mtiifu, anawahi kazini, na anachapa vizuri. Katika miaka yangu yote hapa, ile ndiyo barua pekee niliyoiandika kwa mkono, nikaifunga bahasha mwenyewe, ili isipite mezani kwake. Chuo kikamkataa. Akaendelea kuchapa mitihani yangu miaka kumi na saba mingine, na alipostaafu tulimpa soda na saa ya ukutani.

Jumapili iliyopita, baada ya kumweleza mke wangu naye kuniambia niondoke niende sasa hivi, nilikwenda kwake. Nilianza kuikiri ile barua, akanikatiza. Akasema, "Barua yako ninayo, Mwalimu. Chuo kilinirudishia karatasi zangu zote kwenye bahasha moja, nayo ilikuwemo." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Ningekwambia nini? Ulikuwa unajua ulichoandika." Nikaanza kumwomba msamaha, akanyoosha mkono kunizuia. "Usiniombe hapa sebuleni, tukiwa wawili. Uliponinyang'anya palikuwa na watu."

Mheshimiwa Afisa Elimu, ndiyo sababu ninaomba pazia lile usilivute. Bodi ifanye itakavyoona, hata kama ni kukichapa upya kile kijitabu na kufuta jina langu kwenye jalada. Mkinidharau kuanzia leo mtakuwa mmenitendea haki, na wanafunzi wangu ambao niliwafukuza darasani kwa kunakili kazi ya wenzao, nyinyi hasa sina uso wa kuwatazama.

Nilimuuliza kama atapenda chumba kiitwe kwa jina lake. Alicheka kidogo, bila furaha. "Ukuta nitaufanyia nini, Mwalimu? Mimi nilitaka darasa." Ana miaka sitini na miwili sasa. Nimefikiri wiki nzima na sijaona namna ya kumrudishia hilo, wala Bodi haina.

Wewe uliyeketi safu ya nyuma, karibu na mlango, nimesema, na watu wapo. Naomba unisamehe, Mwalimu.

Ninyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Msinipigie makofi.