Mama Hapana Akabidhi Koleo

Baada ya misimu thelathini na minne ya baridi, Bi. Barla Candinas anastaafu leo, Jumamosi tarehe 31 Machi, kazi ya kupima theluji katika bonde letu la Sarun. Anaacha koleo lake la tano. Manne ya kwanza yalikwisha kwa kuchimba.

Alikuwa mwanamke wa kwanza katika kamati ya maporomoko ya theluji, na wazee wakamcheka waziwazi: "Binti, theluji si gazeti, haisomwi." Kesho yake asubuhi alikuwa ndani ya shimo lenye kina cha kifua. Alikata nguzo ya theluji, akalilaza koleo juu yake na kulipiga: mara kumi kwa kiganja, kumi kutoka kiwikoni, kumi kutoka begani. Nguzo ikikatika mapema, mteremko haupitiki. Amefanya hivyo kila siku ya msimu ila moja, hata siku ya harusi yake. Mumewe Gieri mpaka leo analalamika kwamba bibi harusi aliingia kanisani na mabuti yaliyolowa.

Alikosea mara moja, na shahidi ni mimi, maana aliyefukiwa ni mimi. Ulikuwa msimu wake wa tatu. Jua linawaka, mteremko wa Lada umejaa alama za ski, zile mbao za kutelezea, nami kwa ujuaji wangu nikamwambia, "Acha woga, Barla, watu wamepita tangu jana!" Akaniamini, hakuchimba, na mteremko ukaporomoka nami. Nilikaa chini ya theluji dakika kumi na moja. Alinifukua huku analia na kunitukana kwa pamoja, na matusi yale niliyastahili. Tangu hapo, ukimwambia kwamba wengine wamepita, anakukatiza: "Theluji haihesabu waliopita."

Amefunga miteremko huku mwenye hoteli akimfokea kwenye simu na vijana wakimwita Mama Hapana. Jina hilo amelipaka rangi mwenyewe juu ya mlango wa ofisi. Mara nyingi mteremko uliofungwa haukuporomoka, na tukamcheka mpaka maua yakachanua. Mara nne uliporomoka, ukiwa mtupu. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, ila keki za njugu za jozi zilijaa mlangoni kwake.

Sasa niwaeleze kwa nini tumebanana humu kwenye ukumbi wa zimamoto. Sherehe hii ilikuwa ifanyike kule juu ya Lada, kwenye kibanda alichokijenga marehemu baba yake. Barla aliniambia miaka mingi kwamba angependa kuagana na kazi pale, na hakuna kingine alichowahi kutuomba. Alhamisi theluji ikaanguka, upepo ukavuma. Jana Nesa Derungs, tuliyemwajiri ashike nafasi yake, akachimba. Nguzo ikakatika pigo la tisa. Chini yake theluji ilikuwa chengachenga kama sukari.

Nesa akapanda kutoka shimoni, uso umemshuka, akasema, "Mama, hapana."

Na hapo, jamani, Barla Candinas, huyuhuyu mnayemjua, akafungua kinywa akasema, "Lakini mwanangu, waliopeleka supu ya sherehe wamepita asubuhi."

Nesa hakurudi nyuma. "Mama, theluji haihesabu waliopita."

Barla akatazama kibanda cha baba yake kule juu, machozi yakimtoka, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akampa Nesa koleo palepale, siku moja kabla ya wakati.

Mpaka naandika haya, Lada haijaporomoka, na supu yetu ya shayiri imepoa kule juu bila walaji. Hakuna aliyemcheka Nesa.

Barla, asante kwa zile dakika kumi na moja na kwa miaka yote niliyoishi baada yake. Pumzika kwa raha na Gieri, na mabuti yakauke. Kibandani utakwenda, Nesa akisema ndiyo.