Papa Mutabazi na Neno Mulongo

Papa Védaste Mutabazi anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha kupima upepo wa ziwa, hapa Kamembe. Mimi Maman Benitha, ninayepika chai ya wafanyakazi, nimeombwa nimwandikie. Benitha ni binti yangu, yule wa ordinateri, yaani kompyuta. Mtanivumilia nikimtaja, sina mwingine.

Papa alianza kwa pikipiki, akienda Nkanka, kando ya ziwa, kusoma vyombo vya upepo. Mashine zilipokuja, akajifunza programu na mvi zake kichwani. Tulimtania: "Papa, utaoa ordinateri!" Akajibu kwamba angalau haiombi vitenge.

Mwaka jana Benitha aliingia kwa majaribio. Papa akamwambia aweke namba za upepo mulongo kwa mulongo, yaani mstari kwa mstari. Alimaanisha mulongo unaolala: saa zote za mwalo mmoja, pale mitumbwi inapotia nanga, pamoja. Lakini mtoto wangu amekulia karibu na gare ya mabasi, na kule mulongo ni bantu wanaosimama nyuma ya wenzao. Akazipanga kwa kushuka, saa moja ya mialo yote pamoja. Hesabu ilitoka sawa, ila polepole mno. Mashine haichukui namba moja moja. Inabeba sinia zima la namba zilizo jirani. Programu ilipofuata mwalo mmoja, kila sinia likaleta kikombe kimoja cha mwalo huo, vingine vyote vya mialo mingine, ikabidi irudi tena jikoni. Onyo la upepo mkali likafika Nkanka mitumbwi imekwisha kutoka. Wavuvi walirudi wote, Mungu asifiwe, lakini nyavu zilipotea.

Mkubwa wetu, Chef, akataka kumfukuza Benitha. Nilikuwa nimeshika thermosi, nikaiweka chini. Papa Mutabazi akasimama mkutanoni: "Chef, neno ni langu. Muntu asiyeeleza mulongo wake asimlaumu mtoto aliyesimama vibaya." Hata Chef alicheka. Wakakaa wawili, wakazilaza namba zote upya, mwalo kwa mwalo. Tangu hapo onyo linawakuta wavuvi bado wanatengeneza taa zao.

Benitha alibaki. Na kuanzia Oktoba, niseme kwa sauti, ndiye atakayekalia kiti cha Papa!

Papa Mutabazi, asante. Nenda kwako Rwimbogo kwa mkeo Maman Dative na mihogo yenu, simu ya kituo isikukatie usingizi tena. Ulinirudishia binti yangu nyumbani akiwa na kazi. Mungu naye akurudishe kwako ukiwa na afya, akuweke huko miaka mingi.