Fahali Aliyetoboa Ukuta wa Nyumba Yangu ya Kupangisha

Bwana asifiwe! Ah, mnaitikia kama watu waliokunywa uji wa jana. Bwana asifiwe sana! Hapo sawa, hapo hata nyasi za paa zimesikia.

Ndugu zangu, mimi kusoma sijui, mnanijua. Kitabu cha nyimbo nakishika kwanza nikimwangalia jirani amekigeuzia wapi. Lakini leo nina neno, na nisipolitoa litanipasua kifua. Mungu ameniokoa, mimi na nyumba yangu na mke wangu!

Mnakumbuka reli ya kutoka Manyoni ilipofika hapa kwetu Kinyangiri. Siku gari moshi lilipopiga king'ora mara ya kwanza, kuku wangu waliruka wakaenda kutagia kule mbali Sepuka, mpaka leo sijawaona. Wageni wakamiminika! Watu wa reli, wanunuzi wa karanga, wauza asali wa Rungwa. Wote wanalala nje pale stesheni, fisi anapita anawanusa miguu, anachagua. Nikasema moyoni, hawa watu wanataka nyumba! Nitajenga vyumba, watapanga, watanilipa kila mwezi, na mimi nitakaa kivulini nikifuga kitambi kama karani.

Basi nikauza ng'ombe. Mnyiramba mzima, nikauza ng'ombe! Watu walikuja kunitazama kama wanaotazama msiba. Nikabaki na ng'ombe mmoja wa maziwa na yule fahali mkorofi ambaye watu walimwita Bwana Shauri, kwa sababu kila alipopita kesi ilianza.

Baba mkwe wangu, Mzee Kitiku, akaja na fimbo yake.

"Mkwe, unaumwa?"

"Siumwi, baba. Nageuza ng'ombe kuwa vyumba."

"Chumba kinakamuliwa?"

"Kitakamuliwa, baba."

"Kinazaa?"

"Kitazaa."

Akatema mate pembeni. "Basi sikia. Uwele ukianza kuchanua nakuja kuangalia ghala lako. Nikilikuta tupu, namchukua binti yangu. Ng'ombe zako za mahari nitakurudishia, ukazigeuze choo!"

Aliyasema mbele ya watu. Mke wangu, Mama Naomi, akainamisha kichwa. Ndugu zangu, mama huyu ndiye aliyenifundisha kusali. Bila yeye mimi ni jungu bila mfuniko, nachemka tu na kumwagika. Usiku sikulala, na mchana pia sikulala, na mnajua navyopenda kulala mchana.

Nikajenga. Nikajenga tembe ndefu, mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamwombea afya kesho yake. Na nilijenga kama baba zetu walivyojenga, mlango mmoja mbele. Ukiingia unapita jikoni kwa mama, unapita kwa ng'ombe, ndipo unafika vyumbani. Wapangaji wakaja mbio! Wa kwanza Saidi, kijana wa Tabora, fundi wa reli. Kisha karani wa karanga. Kisha wauza asali na nyuki wao wachache.

Haleluya, nikasema, utajiri umeingia! Kumbe ndio ulikuwa unatoka.

Maana Saidi jioni anaingia, anapita jikoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa ule." Sasa niambieni, ni nani hapa anaweza kumwacha mtu apite mbele ya chungu akalale na njaa? Amepita mlangoni kwako, ni mgeni wako! Akala. Karani akapita, akala. Wa asali wakapita, hao ndio walikula mpaka mwiko ukaogopa. Anayesafiri tunamfungia kuku wa njiani. Mgeni humuulizi anaondoka lini, hiyo ni aibu kwa ukoo mzima.

Mwezi ukaisha. Saidi akaja na hela mkononi. "Mzee, kodi hii."

Mama Naomi akashika kifua. "Mwanangu, tumekukosea nini? Unakula kwangu halafu unanilipa kama niko hotelini?"

Ndugu zangu, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka! Lakini mdomo ukauwahi mkono. Nikasema, "Weka hela yako, Saidi. Sisi hatuuzi ugali." Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kama ndama.

Sifa zikapanda gari moshi. Mpaka Manyoni wakasikia kwamba Kinyangiri kuna nyumba unalala bure na unanenepa. Wakaja hata wasiokuwa na shughuli yoyote! Ghala likashuka, likashuka, mpaka panya wakahama wenyewe, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Na shambani uwele unarefuka. Kila asubuhi nautazama nauambia, jamani, usichanue kwanza.

Hapo ndipo nikapiga magoti katikati ya shamba. Nikasema, "Bwana, kuwafukuza siwezi. Kuwalisha siwezi. Mke wangu nampenda. Fanya unavyojua wewe." Sikuongeza neno, na mimi kutoongeza neno, ninyi wenyewe mnajua huo tayari ni muujiza.

Ndugu zangu, sijafika nyumbani, gari moshi likapiga king'ora! Bwana Shauri alikuwa amefungwa ndani, jirani na chumba cha Saidi. Akakata kamba. Akapita chumbani kwa Saidi, akapita na ukuta, akatokea nje na godoro la Saidi juu ya pembe kama kilemba, mbio mpaka stesheni! Stesheni masta akampisha njia. Mimi narudi nakuta nyumba yangu ina tundu la kupitisha tembo. Nikasema, Bwana, ndiyo majibu haya?

Ndiyo yalikuwa majibu!

Jioni Saidi akarudi kutoka kazini, akatazama tundu, akaingilia hapo hapo. Akatundika gunia likawa mlango. Akapanga mafiga yake nje, akawasha moto. Ndani Mama Naomi anangoja na mwiko.

"Baba Naomi, mbona Saidi hajapita?"

"Ameingilia kwenye tundu."

Akatoka kwenda kuona. Akamkuta Saidi amefagia mbele ya tundu lake, anasonga ugali anaimba. Akarudi taratibu. "Yule si mgeni tena. Ana mlango wake na mafiga yake. Yule ni jirani. Jirani nimpikie, kwani ana msiba?"

Nilisimama kama nimepigwa na radi!

Mwezi ulipoisha Saidi akaja mlango wa mbele. "Hodi!" "Karibu, jirani." "Mama, nimeleta kodi ya nyumba yangu." Na Mama Naomi, huyu huyu, akapokea akafunga kwenye pindo la khanga! Niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti, nundu hii hapa, gusa.

Nikachukua jembe, nikatoboa ukuta kila chumba. Kila mtu mlango wake, kila mtu mafiga yake. Wale wasiokuwa na shughuli, kuambiwa wajipikie tu, wakapanda gari moshi hata mizigo wamesahau. Wenye kazi wakabaki, wakalipa. Nikanunua mtama, ghala likajaa.

Uwele ukachanua. Mzee Kitiku akaja. Hakusalimia, akachoma fimbo ghalani. Ikazama, ikang'ang'ania. Akaivuta kwa mikono miwili. Akazunguka nyumba, anagonga kila mlango na fimbo, ko, ko, ko.

"Chumba cha mwisho anakaa nani?"

"Kitupu, baba."

"Nipe. Nitalipa."

"Baba!" Mama Naomi akafoka. "Wewe utapita mlango wa mbele, na utakula!"

Akapita. Akala, machozi yanamtoka, akasingizia moshi. Kisha akaniuliza polepole, "Mkwe, yule fahali unamuuza?"

"Hauzwi, baba. Yule ndiye fundi wa nyumba."

Namshukuru Mungu! Nawashukuru ninyi mliotucheka, maana kicheko chenu kilitusindikiza mpaka kwa Bwana. Na wewe uliyekaa pale nyuma, ghala limeshuka na moyo umeshuka, mwamini huyu Bwana leo. Usimchagulie njia. Mimi nilidhani atatuma malaika, akamtuma mwenye pembe!

Na anayetafuta chumba, kile cha mwisho bado kipo. Mlango ni wako. Ugali ujipikie. Amina!