Mdogo Wangu Aliyeogopa Vumbi

Ndugu waombolezaji, nimepewa karatasi hii kwa kuwa mimi ndiye dada yake mkubwa niliyebaki, wanangu wameniomba nisichepuke, nitajitahidi.

Marehemu, kitinda mimba wetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya sakafu ya udongo, ukuta mmoja tu ukitutenga na mbuzi, udongo tukiulamba kwa siri, wala hakuna kati yetu aliyekohoa zaidi ya siku tatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na tarehe 2 Mei 1974 akaajiriwa kufanya usafi katika wodi ya watoto, huko ndiko alikojifunza kuogopa vijidudu kuliko simba.

Tarehe 8 Septemba 1979 aliolewa na fundi magodoro, mwanamume mpole, mwenye pamba nywelini hata siku ya harusi, na mwaka 1981 wakajaliwa binti yao wa pekee, huyu aliyeketi mbele. Mtoto hakukanyaga mchanga, madirisha yalifungwa, zulia likatandikwa ukuta hadi ukuta, dawa ya kuulia vijidudu ikanuka mpaka kwangu mtaa wa pili, na alipofika miaka minne pumu ikamkamata. Hapo mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli, nikasema bombani kwamba amemfua mtoto mpaka mapafu yamechuja, watu wakacheka, neno likamfikia, naye badala ya kunikasirikia akaliamini.

Mwaka 1993 daktari wa kifua alimweleza, nami nikiwepo, kwamba pumu na mizio inaongezeka duniani kote, wachunguzi wanataja moshi wa magari, vumbi la mazulia, vyakula vilivyobadilika, damu ya ukoo, na pengine watoto kukosa udongo na mifugo, mzigo ambao hauwezi kutwikwa mama mmoja. Jioni hiyo shemeji alilikunja zulia, na tangu hapo kila mama aliyelia wodini kwamba amemponza mwanawe, marehemu aliweka fagio chini, akamketisha, akamweleza hayo hayo. Wenzake aliwaponya, yeye mwenyewe mwezi uliopita alikuwa bado ananiuliza kama ni yeye. Si wewe, mdogo wangu, neno lile la bombani nililisema hadharani, nalifuta hadharani.

Aliugua moyo tangu Januari 2023, akafariki tarehe 19 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, ambaye, tunashukuru, anapumua vizuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa wodini waliokuja na sare zao, na majirani wa bombani, ambao leo naomba wacheke kidogo kidogo.

Pumzika kwa amani, kitinda mimba wetu, udongo huu usiuogope, ndio ule ule tuliouchezea.