Laini Iliyolala Ndani ya Kopo la Chaki

Asia: Haloo? Nani mwenzangu?

Bi Somoe: Haloo. Kuna mtu humo?

Asia: Nipo, nakusikia. Naongea na nani?

Bi Somoe: Na mamako.

Asia: Aa, shikamoo mama. Unisamehe, sikuitambua namba, na namba yenyewe nimekununulia mimi.

Bi Somoe: Marahaba. Hata mimi mwenye nayo siijui. Asia, huko mjini watu wamekwisha toka msikitini?

Asia: Sijui, mama. Niko chuoni, ofisi ya walimu. Hotuba nilikuwa naisikia hapa dirishani, nadhani sasa wanaswali. Kuna nini? Unaumwa?

Bi Somoe: Siumwi. Nimebana ile mbili nikashikilia, kama ulivyonielekeza. Ikaita.

Asia: Na hapo uko wapi, chumbani?

Bi Somoe: Chumbani, juu ya mkeka.

Asia: Basi hilo ndilo nililolitaka. Ile laini ya zamani ilikuwa inashika kwenye kizingiti cha dirisha tu, tena kwa kubahatisha. Mara mnara wetu, mara mnara wa Msumbiji. Mtu aliye edani hawezi kushinda amening'inia dirishani kutafuta mtandao, wapita njia wanamwona. Ndiyo maana nilikaa na daftari, mama, nikachora safu nne: mtandao unashika wapi, wanakata kwa dakika au kwa sekunde, vocha inaishi siku ngapi, na mimi na wewe tukiwa—

Bi Somoe: Asia.

Asia: —tukiwa mtandao mmoja, tunazungumza kwa bei ya chini kabisa. Huu wa mnara mpya wa Kilambo ulishinda safu zote. Hata Gulamabbas mwenye duka la simu, na unavyomjua kwa kutetea bidhaa zilizomlalia, alikubali kwamba—

Bi Somoe: Ile ya zamani iko wapi?



Asia: Laini? Ipo. Haina kazi tena.

Bi Somoe: Nimekuuliza iko wapi.

Asia: Ndani ya kopo la chaki, kabatini kwangu, hapahapa ofisini. Kwa nini, mama?

Bi Somoe: Siku ya arobaini ya baba yako uliniambia umenibadilishia laini. Nikashukuru. Nikajua umenitengenezea kitu humo ndani, kama mtu anavyobadili utambi wa taa. Leo asubuhi mke wa Saidi kaja kunitazama, ndiye kaniambia: laini ikiondoka na namba imeondoka. Kweli?

Asia: Kweli. Lakini namba mpya nimewapa wote. Shangazi, wajomba wa Nanyamba, imamu, watu wa chama cha msingi. Niliandika orodha, hakuna niliyemsahau.

Bi Somoe: Yupo.

Asia: Nani?

Bi Somoe: Yupo, nakwambia. Itoe hiyo laini uitie kwenye simu. Sasa hivi.

Asia: Mama, salio lake nililitazama. Halikupungua hata shilingi tangu mliponunua simu. Baba alikuwa anaongeza vocha ili isifungwe, salio likapanda tu. Nikasema, mama hapigi simu kabisa. Ndiyo iliyonipa moyo wa kuibadili.

Bi Somoe: Sikuwa napiga. Nilikuwa nabipu.

Asia: Unambipu nani?

Bi Somoe: Itie kwanza. Maneno baadaye.

Asia: Nina simu moja tu, ndiyo hii tunayoongelea. Subiri. [Kwa mtu aliye karibu.] Martha, samahani dada yangu, nikopeshe simu yako. Hapana, si kupiga. Toa laini yako, nataka kuwekea nyingine. Ni mama. Sijui, hata mimi sijui. [Kwenye simu.] Mama, nafungua kabati.

Bi Somoe: Fungua upesi. Wakitoka msikitini tumechelewa.

Asia: Msikiti na laini vinahusiana nini?

Bi Somoe: Baba yako alikuwa msikitini. Kila Ijumaa. Ndiyo saa yetu.

[Kopo linagonga meza.]

Asia: Saa yenu. Mama, zile namba za mbili tano nane?

Bi Somoe: Namba gani? Mimi sisomi.

Asia: Kwenye orodha ya simu zisizopokelewa. Namba moja ya Msumbiji, kila Ijumaa, saa hiihii. Nikajua kuna mtu ng'ambo huko anakosea. Niliziona, mama, Ijumaa juu ya Ijumaa, wala sikujiuliza ni mtu gani hukosea kwa ratiba. Nikazifuta zote. Nilidhani nakuondolea usumbufu.

Bi Somoe: Umezifuta?

Asia: Zote. Ni nani huyo?

[Mtandao unakwaruza.]

Bi Somoe: Rozalia.

Asia: Mama mkubwa? Yule aliyevuka?

Bi Somoe: Dada yangu hasa, tumbo moja. Alivuka Ruvuma akaolewa Kionga, akabatizwa, baba yako akasema jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba yake. Nami sikulitaja. Miaka kumi na moja, hujanisikia kulitaja. Lakini kumbipu mtu si kutaja jina.

Asia: Ndiyo maana salio halikupungua.

Bi Somoe: Baba yako alikuwa analitazama kila jioni. Anaichukua simu dirishani, anabonyeza, anasoma, anairudisha. Hakuniuliza kitu. Ya kuuliza yangetoka wapi, salio zima? Dada anabipu, inalia mara moja, inakata. Maana yake mzima. Nami nabana kijani mara mbili, nasikia inaita mara moja, nabana chekundu. Nami mzima. Basi. Mpaka Ijumaa nyingine. Umekwisha kuitia?

Asia: Mfuniko wa nyuma umekaza. Kwa hiyo hajui kwamba baba amefariki.

Bi Somoe: Mlio hauna neno la msiba, mwanangu. Na nyumba ilijaa ndugu za baba yako, nani ningemtuma akamwite yule? Nikawa nabipu tu: mzima, mzima. Kisha wiki mbili hizi kimya. Nikasema dada ndiye amekufa. Nikalia nikiwa nimejigeuzia ukutani, wanawake wakadhani namlilia marehemu, wananipa pole ya huyu na mimi naipokea kwa ajili ya yule. Kumbe kimya kimetoka kwangu. Anabipu kwenye kopo la chaki.

Asia: Mama, nisamehe.

Bi Somoe: Msamaha utanidai baadaye. Hujaelewa bado. Tuliwekeana ahadi: Ijumaa tatu za kimya, aliye hai amfuate mwenzake. Leo ya ngapi tangu arobaini?

Asia: Ya tatu.

Bi Somoe: Ya tatu. Yule mtu akisema kitu, kasema. Leo akibipu akakosa jibu, anashuka mtoni. Na mto umejaa, Asia, maji yamepanda mpaka mashamba ya mpunga, viboko wamesogea vivukoni. Mguu wake mmoja haukunjiki. Atakaaje kwenye mtumbwi?

Asia: Imekubali. Nawasha. Mpigie wewe kwa hiyo simu yako halafu—hapana, namba hatuna. Nimeifuta mimi.

Bi Somoe: Hatuna. Ni kungoja.

Asia: Inatafuta mtandao.

Bi Somoe: Imeshika?

Asia: Bado.

Bi Somoe: Sasa?

Asia: Mama, haijafika hata— imeshika. Minara mitatu. Salio lipo lote.

Bi Somoe: Watu wanatoka msikitini?

Asia: Wanatoka. Naziona kofia zao barabarani.

Bi Somoe: Basi tayari amebipu, akakosa. Anafunga mlango saa hizi.

Asia: Saa ya kule na ya hapa si moja, mama. Wao wako nyuma saa nzima. Labda—

Bi Somoe: Dada hana saa. Anatazama kivuli, na kivuli ni kimoja, huku na kule.

[Kwa mbali, mtu anasogeza kiti.]

Asia: Martha anasema niiweke karibu na dirisha. Nimeiweka.

Bi Somoe: Iweke kizingitini. Imezoea.

Asia: Mama, kuna jambo nalifikiri. Ile orodha niliyoifuta ilikuwa inaonekana waziwazi. Mtu akibonyeza kufuata salio, anapita palepale.

Bi Somoe: Unasema nini?

Asia: Nasema aliyeishika simu kila jioni ya Ijumaa alikuwa anaiona ile namba. Na baba alikuwa anasoma.



Bi Somoe: Aliiona?

Asia: Hakuwa na namna ya kutoiona.

Bi Somoe: Na vocha akaendelea kutia.

Asia: Akaendelea kutia, ili laini isi—

[Simu nyingine inalia mara moja. Inakata.]

Bi Somoe: Ndiye. Nimemsikia huku. Ndiye huyo.

Asia: Mbili tano nane. Ndiyo.

Bi Somoe: Mrudishie. Kijani mara mbili, iite mara moja, chekundu. Isizidi.

Asia: Mama, salio ni lako lote. Tunaweza kumpigia, ukasema naye.

Bi Somoe: Hatupigi. Rudisha kwanza, atatoka.

Asia: Nani anayekataza sasa?

Bi Somoe: Asia, usi—

Asia: Nauliza tu. Leo jioni nani atasoma salio?

[Mtandao unakwaruza.]

Bi Somoe: Mpigie.

Asia: Inaita. Sasa sikiliza: nazikutanisha hizi simu mbili, mdomo wa hii kwenye sikio la ile. Hatakusikia vizuri, kwa hiyo useme taratibu na kwa sauti. Inaita bado. Mama, huenda hapokei kwa sababu hajawahi ku— amepokea. Sema.

Bi Somoe: Dada.

[Sauti ya mbali, haieleweki.]

Bi Somoe: Dada, Somoe hapa.

Asia: Anauliza ni Somoe gani. Anasema Somoe hana sauti ya kizee.

Bi Somoe: Mwambie na yeye asikilize ya kwake. Dada, ni mimi, mzima. Aliyetangulia ni Nassoro. Ana miezi miwili sasa. Mimi nimo edani, sitoki, nawe usitoke. Unanisikia? Usivuke. Mto umejaa.

[Kwa mbali, kuku wanalia.]

Bi Somoe: Mbona hasemi? Asia, mbona hasemi?

Asia: Yupo, nasikia kuku. Subiri. Anasema pole. Anasema, Mungu amrehemu Nassoro. Anasema amekwisha vaa viatu.

Bi Somoe: Anasema nini?

Asia: Viatu, mama. Amekwisha vaa viatu, mzigo uko mlangoni, na mwenye mtumbwi anamngoja.

Bi Somoe: Mwambie avivue.

Asia: Mwambie wewe. Nimezikutanisha tena.

Bi Somoe: Vua viatu, dada.

[Sauti ya mbali, ndefu kidogo.]

Asia: Anacheka. Au analia, sijui, simu ya Martha inakwaruza. Anasema, basi nawe usininyamazie tena. Mama, dakika za nje zinakula haraka, salio linaishia, sema la mwisho—

Bi Somoe: Eda ikiisha nitavuka mimi. Maji yatakuwa yamepungua. Nitakuja na korosho za kubanika, na huyu binti wa daftari nitakuja naye umwo—

[Laini ya zamani inakata.]

Asia: Imekwisha. Salio lote, mama. Sifuri.

Bi Somoe: Ameviacha viatu?

Asia: Nimesikia kimoja kikianguka.

Bi Somoe: Basi. Hiyo laini niletee kesho, usiirudishe koponi. Na hii yako ya safu nne—huku kwangu inalia ti-ti, ndiyo nini?

Asia: Inakuonya vocha inakwisha. Kata, mama, nikupigie mimi.

Bi Somoe: Usipige. Ukifika kesho kituoni pa basi nibipu tu, nitaju—

[Inakata.]

[Eda ilipokwisha, Bi Somoe na Asia walivuka Ruvuma pamoja. Laini ya zamani imerudi kizingitini pa dirisha, na vocha yake huiweka Asia. Siku hizi Ijumaa simu hulia, na hupokelewa.]