Chambo cha Don Liborio

Benchi letu liko Goya, kwenye mteremko wa kushukia mto Paraná, ubavuni mwa kibanda cha barafu na mishipi. Kila asubuhi kibuyu kimoja cha yerba hupita hapo mkono kwa mkono: Kipara humimina maji ya moto juu ya majani, kila mtu hunyonya kwa zamu kwa bomba lile lile, na anayekirudisha akisema “asante” amejitoa kwenye mzunguko. Asubuhi ninayoieleza, Mashoto alikuja na chambo chake cha mwisho cha mti, kisamaki cha bandia chenye ndoana, kikiwa vipande viwili ndani ya leso. Kilichongwa na marehemu don Liborio, na alfajiri hiyo kilikuwa kimepasuliwa na dorado, samaki wa rangi ya dhahabu mwenye taya kama koleo. Shindano la uvuvi lilikuwa Jumamosi, na Mashoto alikuwa hajawahi kuingia shindanoni na chambo kingine.

— Pole kwa msiba, kaka, alisema Kasuku. Maziko lini?

— Usinitanie. Hiki kimekaa miaka ishirini. Vya dukani siku hizi unavitoa kwenye pakiti vimeshachoka.

— Ile hata plastiki siyo, alisema Kipara huku akimimina. Ni takataka zimeyeyushwa. Shemeji yangu alipasua kimoja, akakuta ndani jicho la mwanasesere.

— Shemeji yupi? niliuliza.

— Yule wa Rosario.

Shemeji wa Rosario hakuwapo ahojiwe. Jicho hilo, kwa hiyo, libaki uvumi.

— Wanaacha tundu makusudi, alisema Kasuku. Maji yanaingia tone tone, chambo kinazama, wewe unanunua kingine. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya kuweka akiba, nilisema.

— Kwani wao hawaweki?



— Nyie mnalaumu viwanda bure, alisema Kipara. Mlaumuni samaki. Wakili, sheria si inatutaka tumrudishe dorado majini?

— Ndivyo, nilijibu.

— Haya. Anarudi na elimu. Anawaambia wenzake, umeni hapa, kwenye mshono. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumewaacha wakakomaa.

— Kwa hiyo dorado wana shule? niliuliza.

— Sasa unadhani pale chini ya gati wanajazana kufanya nini?

Mashoto hakucheka. Alikuwa akiviunganisha vile vipande, vikikataa kukutana.

— Mzee alikuwa anaking’ata kwanza, alisema. Kabla hajakupa. Anakiweka kwenye magego, anafumba macho, anasikiliza. Akiona hakifai, anakitupa motoni.

Mimi nisiyeamini mengi nililiona tena banda lake, majira ya baridi: harufu ya vanishi, akordioni redioni, mzee na mti mdomoni, nasi tumeketi kama watu wanaosubiri hukumu. Hata hivyo, jambo moja lilihitaji kupimwa.

— Hiyo miaka ishirini, nilimuuliza Mashoto, mzee alikuwa anakitengeneza?

— Kila baridi. Waya wa tumboni, ndoana, rangi.

— Basi hakikudumu chenyewe. Yeye ndiye aliyekidumisha.

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

— Kwani sikujua? alisema. Tangu tumzike hakuna aliyekigusa.

Ndipo Nélida, bintiye don Liborio, aliposhuka mteremko amebeba sanduku. Anaishi Buenos Aires. Alikuwa amekuja kuiuza nyumba. Alilitua sanduku kwenye benchi: visu, koili za waya, makopo ya rangi, na vyambo vilivyochongwa lakini havijapakwa.

— Shikamooni, wazee. Nakabidhi funguo leo. Baba aliagiza vifaa visiuzwe, apewe anayejua kuvitumia. Ni nani kati yenu?

Kipara akalitazama birika. Kasuku, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, akaanza kupangusa makombo yasiyokuwapo. Miaka yote ile tulikaa bandani mwa mzee, tukanywa yerba yake, tukaitazama mikono yake, tukapiga soga. Hakuna aliyewahi kuomba kisu.

Mashoto alichukua chambo kimoja, samaki mweupe asiye na macho, akakiweka kwenye magego. Akafumba macho. Tukasubiri.

— Kinasemaje? aliuliza Nélida.

— Sijui, mwanangu. Sikumuuliza alikuwa anasikiliza nini.

Kipara alikijaza kibuyu, akamnyooshea. Mashoto alinyonya mpaka bomba likakoroma. Akaiweka leso yake yenye vile vipande ndani ya sanduku, juu ya visu, akalivuta sanduku upande wake, akakirudisha kibuyu.

— Asante, alisema.

Birika lilikuwa bado limejaa nusu.