Pilau Mbele ya Ukuta Ulioandikwa

Ndugu zangu, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nimeshawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia, tusipoteze muda. Mwalimu ameniita nizungumze na ninyi wanafunzi wapya wa darasa la ngumbaru, watu wazima mlioamua kujifunza kusoma. Ameniambia, "Fundi, waeleze kwa ufupi." Wanaonijua wameanza kucheka. Ufupi mimi nauweza kwenye vyumba tu, kama mtakavyosikia.

Sitamtaja mtu yeyote kwa jina leo. Makosa ni yangu, na niliyafanya bila kusaidiwa.

Mimi ni mwashi. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu kule Usoke, kabla ya Uhuru. Siku aliponiruhusu kujenga peke yangu alinikabidhi ufito wa kipimo wenye urefu wa futi tano. Unaulaza chini mara mbili, umepata upande mmoja wa chumba. Unaulaza tena mara mbili, umepata upande wa pili. Akaniambia, "Mpwa wangu, mwenye ufito huu hahitaji kusoma." Mjomba alinipenda sana, Mungu amrehemu, ila neno hilo lilinigharimu.

Nilijenga miaka mingi kwa ufito ule. Jioni nilikuwa nikiuegemeza ukutani, ncha imegusa udongo, naenda zangu kula. Sasa mchwa wa Tabora mnawajua, hawana dini wala chama. Wakiila ncha, mimi nachukua panga, nakata palipooza, nasawazisha vizuri, kazi inaendelea. Mwaka huu nakata kidogo, mwaka ujao nakata kidogo. Ndugu zangu, nawaambia kweli, haikuwahi kunijia akilini kwamba ufito unaokatwa unapungua! Mama pale nyuma naona unamtazama mumeo. Ndiyo, chumba chenu ni mimi niliyekijenga, na kile kitanda kilichogoma kuingia hakikuwa na kosa.

Basi, nikapata kiwanja changu mwenyewe hapa Kanyenye. Mke wangu na mimi na watoto watano tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba alishatuambia anakitaka kabla ya mvua, mwanawe anaoa. Nikaenda ofisi ya mji kuomba kibali cha kujenga. Karani akanipa ramani na karatasi ya masharti, akaigonga mhuri mpaka meza ikatikisika. Akaniuliza kwa adabu, "Mzee, utaweza kuisoma?"

Nikamjibu, "Kijana, mimi ni fundi."

Mnaona jibu hilo? Ameniuliza habari za kusoma, namjibu habari za ufundi. Nikaenda nyumbani, nikaikunja ile karatasi, nikaiweka sandukuni chini ya khanga za mke wangu. Kwangu mimi mhuri ulikuwa ndio kibali, na maandishi yalikuwa pambo lake.

Nikachimba msingi. Karatasi ilisema nimwite mkaguzi auone msingi kabla ya kupandisha ukuta, lakini karatasi ilikuwa sandukuni. Nikapandisha ukuta. Karatasi ilisema madirisha yawe makubwa hewa ipite. Mimi nikaweka vitundu, maana mjomba alinifundisha kwamba dirisha linalopitisha kichwa linapitisha mwizi. Ukuta ukafika kimo cha kuezekwa. Bati zilikuwa bado dukani, nikaona nipumzike kidogo, nikaenda Usoke kujenga mabani ya kukaushia tumbaku kwenye kijiji cha ujamaa.

Niliporudi nikakuta ukuta wangu wa mbele umeandikwa herufi tano kubwa, nyekundu, zinaonekana toka njia panda.

Nikamuuliza mke wangu, "Hii nini?"

Akasema, "Walikuja watu wa ofisi. Wakapima, wakaandika ukutani, wakaacha na karatasi. Walieleza mengi, lakini mtoto alikuwa analia mgongoni. Nilisikia siku tisini tu."

"Walikasirika?"

"Hapana, walikuwa na adabu zao."

Basi nikafurahi! Nikamwambia, mama watoto, hiyo ni namba ya nyumba. Serikali imetutambua, na siku tisini ndizo tumepewa tuwe tumehamia. Karatasi ya pili ikaenda sandukuni kumfuata mwenzake. Kesho yake nikanunua mbuzi na mchele, nikaalika watu waje kula pilau adhuhuri, pale pale mbele ya ukuta wangu mwekundu.

Wakaja. Majirani, mafundi wenzangu, mjumbe wetu wa nyumba kumi ambaye alikuwa hajui herufi kama mimi, na mzee wa Kihindi mwenye duka ninakonunulia misumari. Nikasimama nikahutubia. Nilisema, "Ndugu, tazameni ukuta huu, ndio matunda ya Uhuru!" Niliona wengine wanatazama sahani. Nikadhani ni adabu ya chakula.

Yule mzee wa dukani akaweka sahani yake chini. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Fundi, karamu hii ya nini?"

"Ya nyumba, mzee wangu. Huoni wameshaipa namba?"

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Alikuwa ananionea huruma, na mimi niliiona ile huruma nikaanza kuogopa. Akasema taratibu, "Ndugu yangu, pale pameandikwa BOMOA."

Cheka tu, mama, usijibane. Leo hata mimi nacheka. Siku ile sikucheka. Niliwatazama watu kumi na kitu wanakula mbuzi wangu, wengi wao wameshasoma ukuta, na hakuna aliyepata moyo wa kuniambia. Sikuwalaumu. Unamwambiaje mtu anayekupakulia nyama kwamba nyumba yake imehukumiwa?

Habari ikaenea mji mzima mpaka stesheni. Fundi amepikia pilau hukumu yake. Kazi zikakauka, nani amwite mwashi ambaye nyumba yake mwenyewe inabomolewa? Nikawa napita vichochoroni nisikutane na watu. Na kosa langu kubwa kuliko yote ni hili: ile karatasi ya pili sikumpa mtu anisomee. Ningeweza kumpelekea mzee wa dukani, au karani, au mtoto yeyote wa shule. Lakini fundi mkubwa kama mimi niombe kusomewa? Nikaona bora nibomolewe na heshima yangu. Heshima gani, ndugu zangu, mji mzima unanicheka!

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alikuwa ameshajiandikisha darasa hili bila kuniambia. Akaniambia, "Baba watoto, wakibomoa nyumba tutajenga nyingine, mikono unayo. Huu ujinga wetu nani atakuja kuubomoa?" Alhamisi alasiri nikamfuata nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Nikakaa benchi lile pale, la mwisho. Mwalimu ni binti ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe, na ndiye huyu aliyekaa hapa anaona haya. Alinisalimu, "Shikamoo, fundi," kisha akanipa kalamu. Mimi nimebeba matofali maisha yangu yote, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kalamu ile. Nilivunja tatu wiki ya kwanza. Herufi ya kwanza kuifahamu ilikuwa A, na nilijua nilishaiona wapi. Ilikuwa ya mwisho kwenye ukuta wangu.

Siku zikaenda. Wengine walisoma baba na mama, nami nilisoma baba na mama, lakini moyoni nilikuwa nahesabu tisini. Zilipobaki kumi na mbili, nikaitoa ile karatasi sandukuni, nikaja nayo darasani. Nikamwambia mwalimu mbele ya watu wote, "Leo nataka kusoma hii. Msinisaidie mpaka nitakapoomba."

Nikasimama. Nilisoma silabi moja moja, jasho linanitoka. Ma-di-ri-sha ma-do-go. Vyu-mba vi-ko chi-ni ya ki-pi-mo. M-si-ngi ha-u-ku-ka-gu-li-wa. Kila neno lilikuwa kofi. Kisha nikafika mstari wa mwisho, chini kabisa, karibu na mhuri. Ukasema mwenye nyumba anaweza kurekebisha kasoro zilizotajwa na kuomba ukaguzi mpya kabla siku tisini hazijaisha.

Nikausoma mara ya pili. Nikamuuliza mwalimu, "Nimesoma sawa?" Akasema, "Umesoma sawa, fundi." Nikalia. Mbele ya darasa zima nililia, mwanamume na mvi zangu. Njia ya kuokoka nilikuwa nimeilalia muda wote ule, iko chini ya khanga.

Asubuhi nikaenda ofisini na ufito wangu begani. Nilikubali madirisha, nilikubali msingi, lakini vyumba nikabisha. Nikamwambia mkaguzi, "Bwana, chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Ufito huu ni futi tano tangu kwa mjomba."

Hakubishana nami. Alivuta tepu yake, akailaza juu ya ufito, akaniambia, "Hesabu mwenyewe, mzee."

Nikahesabu. Ulikuwa pungufu inchi nne. Nikageuza ufito nikaanzia upande wa pili, nadhani utarefuka, ikawa inchi nne zile zile. Ndipo nikaiona ncha, na alama za panga, na miaka yote ya mchwa. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mkaguzi naye akacheka. Kisha akanichorea kwenye karatasi: sogeza ukuta wa mbele nje futi moja na nusu, na wa nyuma vivyo hivyo, eneo la kila chumba litafikia kipimo hata upana ukibaki pungufu. Panua madirisha. Chimba pembe nne nione msingi. Kiwanja kinatosha.

Niliporudi darasani kuwaeleza, sikuomba kitu. Mwanamke mmoja muuza vitumbua akauliza tu, "Msaragambo lini, tuje tujenge wote?" Wakaja wote. Waliokuwa hawajui kusoma tepu walijifunza siku ile, maana kila kipimo tulikisoma kwa sauti kama somo. Wanaume walibomoa, wanawake walileta maji na udongo, na mwalimu mwenyewe alikanyaga tope. Yule mzee wa dukani akaniazima tepu, akasema nitairudisha nyumba ikiisha. Ukuta wenye neno jekundu tuliubomoa kwa mikono yetu, nikabakiza tofali moja tu. Hili hapa, nimelileta. Lina herufi A. Lipitisheni, lakini taratibu, ni mwalimu wangu wa kwanza.

Siku tatu kabla ya mwisho, mkaguzi akaja. Akapima, akapima tena. Akasaini. Safari hii sikumwacha aondoke mpaka nimemsomea kila neno aliloandika. Tuliezeka bati Jumamosi, mvua ya kwanza ikanyesha Jumatano, na watoto wakakimbia chumba hadi chumba kusikiliza kelele za bati.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru, mke wangu, ambaye hukunicheka mpaka niliporuhusu. Namshukuru mwalimu, na mzee wa dukani aliyekuwa na moyo wa kuniambia ukweli huku mdomo una pilau yangu. Namshukuru mkaguzi, aliyenipa tepu nijihesabie. Na ninyi wapya, usiku wa kuamkia leo nilikuwa natafuta la kuwausia. Ni hili: aibu ya kuuliza ni ya siku moja, lakini ya kutouliza nilikuwa nimeijengea nyumba.

Tulipika pilau tena, ndiyo. Mbuzi mwingine, watu wale wale, pale pale. Nilichovya brashi kwenye chokaa, nikaandika mwenyewe juu ya mlango neno moja. Watu wakafika mlangoni, wakasimama. Hakuna aliyegusa chakula. Wote waliinua vichwa wakasoma kwanza, na mjumbe wetu, ambaye sasa anakaa benchi moja nami, ndiye aliyelisoma kwa sauti: "Ka-ri-bu-ni."

Ndipo wakaingia.